KWA NINI SAMAKI ALIYE HAI HAOZI?
Somo kwa vijana wa Bondeni

Umepewa karatasi hii barabarani, au sokoni, au umeikuta kwenye kiti cha bajaji. Tafadhali usiitupe. Labda wewe si mtu wa kukaa kwenye mabenchi ya ibada. Hakuna neno. Soma tu. Yaliyomo humu yanahusu mwili wako mwenyewe, na huenda siku moja yakaokoa maisha ya mdogo wako.

1. SWALI LA UFUKWENI

Umewahi kufika Matema alfajiri, mitumbwi inaporudi na dagaa wa usipa? Wanang'aa kama fedha. Sasa waache hapo mchangani, usiwaanike wala usiwakaushe kwa moshi. Ikifika alasiri wananuka, nzi wamejaa, hakuna anayenunua.

Hebu fikiri. Usipa wale wale usiku walikuwa ziwani, katika maji ya vuguvugu, nyuzi 25 au zaidi. Maji yamejaa bakteria. Walikaa humo wiki na miezi. Mbona hawakuoza? Nyama ni ile ile, joto karibu lile lile, bakteria wapo pande zote mbili. Mmoja anaogelea, mwenzake ananuka. Tofauti ni nini?

Utasema, "Huyu yu hai, yule amekufa." Sawa, lakini hilo ni jina tu, bado si jibu. Kuwa hai ndiyo kufanya nini? Twende polepole.

2. SHERIA ISIYOPENDELEA MTU

Chukua kilo moja ya mchele wa Kyela na kilo moja ya choroko. Mimina kwenye ndoo moja, koroga. Vimechanganyika. Sasa endelea kukoroga mpaka kesho, mpaka mwaka mwingine. Je, mchele utarudi upande wake na choroko upande wake? La hasha! Hakuna aliyekataza. Ni kwamba njia za kuchanganyika ni nyingi mno kuliko za kujipanga, nyingi kupita hesabu. Ukikoroga bila kuchagua, unaangukia kwenye zile nyingi.

Hiyo ndiyo maana ya sheria ya pili ya thamodinamiki, yaani sheria ya joto na nishati. Mfaransa Sadi Carnot aliifungulia njia mwaka 1824 akichunguza injini za mvuke. Mjerumani Rudolf Clausius aliiweka wazi kuanzia mwaka 1850, na mwaka 1865 akakipa kipimo cha mchafuko jina la entropi. Kisha Ludwig Boltzmann wa Austria akaonyesha kwamba siri iko kwenye idadi, kama ile ndoo yetu ya mchele na choroko.

Sheria yasema hivi: katika kitu kilichotengwa kabisa, kisichopokea wala kutoa chochote, mchafuko haupungui. Chai ya moto hupoa. Bati hushika kutu. Nyumba isiyo na mtu hubomoka. Sheria haiangalii sura ya mtu, haijui tajiri wala maskini.

3. USIDANGANYIKE

Hapa watu wengi huteleza, wasomi na wasio wasomi.

Mmoja husema, "Uhai unavunja sheria hiyo, maana mbegu ndogo huwa mti mkubwa uliopangika." Si kweli. Haijapata kuonekana mbegu, samaki wala mtu aliyeivunja.

Mwingine husema, "Kwa kuwa kila kitu huharibika, basi viumbe haviwezi kamwe kubadilika na kupata mpangilio mpya kizazi hata kizazi." Hata huyo amekosea. Amesahau yale maneno ya katikati: kitu kilichotengwa kabisa. Je, mgomba wako umetengwa? Hauko juani? Haunywi mvua?

Nenda nyuma ya friji ya dukani, ile ya soda. Weka mkono. Moto, sivyo? Ndani baridi, nyuma joto. Friji haivunji sheria. Inatunza ubaridi ndani kwa kutupa joto nje, na kazi hiyo inalipiwa kwa umeme. Ukijumlisha ndani na nje pamoja, mchafuko umeongezeka. Chomoa waya uone. Kesho nyama ya ndani ina harufu gani?

Kijana, jibu la samaki liko hapa. UHAI HAUVUNJI SHERIA. UHAI UNALIPA GHARAMA. Kiumbe hai hupokea nishati bora kutoka nje, huitumia kujipanga na kujitengeneza, kisha hutupa nje joto na uchafu. Yule usipa wa mchangani ni friji iliyochomolewa. Vimeng'enya vya tumbo lake mwenyewe, vilivyokuwa vinatii, sasa vinamla. Bakteria waliokuwa wanazuiwa mlangoni wanaingia bila hodi, nao wanafanya karamu yao.

4. JOTO NI STAKABADHI

Utauliza, "Ushahidi uko wapi kwamba uhai unalipa?" Uko nyumbani kwenu, kama mnalima kakao.

Mkulima akishapasua matunda, huweka mbegu mbichi kwenye sanduku au kuzilundika na kuzifunika kwa majani ya mgomba. Hakuna kuni, hakuna mkaa. Baada ya siku mbili tatu ingiza mkono. Lundo linachoma! Hufika nyuzi 45, hata 50. Moto huo umewashwa na nani?

Na viumbe visivyoonekana kwa macho. Hamira hula sukari ya ule utelezi mtamu na kuigeuza pombe. Kisha bakteria huigeuza pombe kuwa siki. Kila kimoja kinajijenga na kuzaa wenzake, na kila kimoja kinatupa joto nje. Unapopeleka kakao ghalani unapewa stakabadhi. Basi joto nalo ni stakabadhi ya uhai. Penye kiumbe kinachojipanga, pana joto linalotupwa.

Wewe je? Mtu mzima aliyetulia hutoa joto la kama wati 100, sawa na balbu moja ya zamani ya wati 100. Hata usingizini balbu yako haizimiki, hupunguza tu. Ndiyo maana chumba kidogo wakilala watu sita asubuhi kina fukuto. Mbalaga na ugali ulivyokula jana vimekwenda huko. Sehemu imekujenga, sehemu kubwa imetoka kama joto.

5. MLIPAJI WA MWISHO NI NANI?

Wewe unamla samaki. Samaki alikula vijidudu vya maji. Vijidudu vilikula mimea midogo ya ziwani. Mimea ilikula nini? Mwanga wa jua.

Jani la kijani hushika mwanga na kutumia nguvu yake kuunganisha maji na hewa ya kabonidayoksaidi kuwa sukari. Ni sehemu ndogo tu ya mwanga unaoliangukia inayokuwa chakula, mara nyingi asilimia moja au mbili. Nyingine hugeuka joto. Lakini hiyo ndogo ndiyo inayolisha Bondeni yote, na mpunga wake, na ndizi, na kakao, na michikichi ya mawese.

Sasa sikia jambo ambalo wengi hawalijui. Nishati ambayo dunia hupokea kutoka kwenye jua karibu yote huirudisha angani. Kama ingeibakiza tungekwisha kuungua zamani. Basi tunafaidi nini? Tunafaidi ubora. Uso wa jua una joto la nyuzi kama 5,500, na mwanga wake huja katika vifungu vikubwa. Dunia ni ya vuguvugu, hurudisha nishati ile ile katika vifungu vidogo vidogo. Kwa kila kifungu kimoja kinachoingia, hutoka kama 20.

Ni kama umepokea noti moja ya shilingi 10,000, halafu ukatoa sarafu 20 za shilingi 500. Thamani ni ile ile, shilingi haikupotea. Lakini kilichokuwa kimoja kimetawanyika kuwa vingi. Mchafuko umeongezeka, sheria imetimizwa. Na katikati ya noti kuingia na sarafu kutoka, ndipo unapoota mgomba, ndipo anapoogelea usipa, ndipo unapocheza wewe.

Erwin Schrödinger, mwanafizikia wa Austria, alilieleza jambo hili katika mihadhara yake mjini Dublin mwaka 1943, na mwaka 1944 likatoka kitabu. Hoja yake: kiumbe hai hukwepa kuoza kwa kuvuta mpangilio kutoka katika mazingira yake. Baadaye Ilya Prigogine alipata Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1977 kwa kuonyesha kwamba nishati inapopita ndani ya kitu bila kukoma, mpangilio mpya waweza kujitokeza wenyewe. Hata maji ya Kiwira yakipita kasi kwenye mwamba hufanya kizunguzungu chenye umbo. Mto ukikauka, kizunguzungu hakipo.

Kama wewe ni mtu wa kushukuru kabla ya kula, unakiri jambo hili bila kujua fizikia: uhai wako haujitoshelezi, unapokea kutoka nje. Lakini usiilazimishe sheria ya pili ijibu maswali ambayo haikuulizwa. Haisemi jua liliwashwa na nani. Yenyewe inadai malipo tu.

6. CHUNGU NA MTO

Tazama vyungu vya Wakisi vinavyouzwa Lyulilo, karibu na Matema. Mama mfinyanzi amechukua udongo usio na umbo akautoa chungu kizuri. Mpangilio umepatikana, lakini gharama ililipwa: kuni zimekuwa majivu, moshi umepanda, na mama mwenyewe amekula akatoka jasho. Chungu kikishaiva hakilipi tena. Hudumu kwa ugumu wake. Kikidondoka, basi. Hakuna chungu kilichojiunga.

Mwili wako ni laini kuliko chungu. Lakini ukijikata kwa panga, baada ya siku kadhaa kidonda kimefunga. Kwa nini? Kwa sababu wewe ni kama mto Kiwira kuliko chungu. Kiwira cha leo ni kile kile cha babu zako, lakini maji siyo yale yale.

Chembe nyekundu ya damu huishi siku kama 120, kisha huvunjwa. Mwili mzima wa mtu mzima hutengeneza kama milioni mbili kila sekunde. Ukuta wa utumbo wako hubadilishwa kila baada ya siku chache. Hata DNA, yale maagizo yaliyoandikwa ndani ya kila seli, hupata majeraha maelfu kila siku. Mbona maandishi hayafutiki? Kwa sababu ndani ya seli wamo mafundi, yaani protini zinazosoma, zinazokata palipoharibika, zinazoandika upya. Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipata Nobeli ya Kemia mwaka 2015 kwa kueleza kazi ya mafundi hao.

Fundi hafanyi kazi bure. Anadai nishati. Chakula na hewa vikikatika, fundi anaweka nyundo chini. Dakika chache bila oksijeni, ubongo unaanza kuharibika.

7. KILINDI CHA ZIWA

Ziwa letu lina kina cha mita kama 700. Lakini samaki wanaishi juu tu. Ukishuka mita kama 250 hakuna oksijeni, na chini ya hapo samaki hawaishi. Maji ya chini ni baridi na mazito, hayachanganyiki vizuri na ya juu. Vitu vinavyokufa vinazama, vinaoza, vinamaliza oksijeni, na nyingine haishuki. Ni vijidudu wachache tu wanaojua kuishi bila oksijeni ndio wanaokaa huko.

Ni ziwa moja. Juu kuna mamia ya aina za samaki, chini kuna giza na ukimya. Juu kumefunguliwa kwa jua na hewa, chini kumefungwa. Ona basi mwenyewe: kwa kiumbe hai, kufungiwa ni kufa.

8. KIJANA, HII INAKUHUSU NYUMBANI

Usiseme, "Hayo ni ya wasomi." Sikiliza.

Bondeni tunajua malaria. Kimelea chake nacho ni kiumbe hai, nacho kinatakiwa kulipa. Kinalipa kwa mali ya nani? Ya mgonjwa! Huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, hula sukari mara nyingi kuliko chembe hiyo ilivyokuwa ikila, huzaliana, kisha hupasua chembe na kwenda nyingine. Wakati huo huo mwili umepandisha homa, na homa inateketeza nishati zaidi. Mtoto naye hataki kula. Unaona hesabu? Matumizi yamepanda, mapato yamesimama, na magari ya kubeba oksijeni yanavunjwa. Ndiyo maana malaria kali hushusha sukari na damu ya mtoto, na mtoto anaweza kufa haraka.

Kwa hiyo:

Kwanza, mtoto mwenye homa usimfungie kwa mablanketi mazito. Joto linatafuta mlango wa kutokea, usiuzibe.

Pili, mpeleke kupimwa siku hiyo hiyo. Usingoje kesho. Akidegedeka, akilegea, akishindwa kunyonya au kunywa, au akitapika kila kitu, hiyo ni dharura. Kimbia hospitali hata usiku.

Tatu, mpe vinywaji na chakula kidogo kidogo maadamu yu macho na anameza. Akipewa dawa mseto ya ALu, ameze na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, dawa hufyonzwa vizuri. Amalize siku zote tatu hata kama amepata nafuu.

Nne, laleni kwenye chandarua. Ni rahisi kumzuia mwizi mlangoni kuliko kumfukuza chumbani.

Na ukienda kwa ndugu Tukuyu wakati wa baridi, usikubali kulala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi. Hiyo hukaa kwenye kiti cha oksijeni ndani ya damu na haitaki kuondoka. Chakula unacho tumboni, lakini fundi hana hewa. Watu hulala wazima wasiamke.

9. MBONA BASI TUNAKUFA?

Swali zuri. Tukila kila siku, mbona tunazeeka? Kwa sababu matengenezo hayakamiliki. Katika maelfu ya majeraha ya kila siku, machache humponyoka fundi. Yanajikusanya mwaka hata mwaka. Fundi mwenyewe naye ni protini, naye huchakaa. Mwisho deni linashinda.

Lakini angalia mgomba. Mama mti ukishazaa mkungu unakatwa, na pembeni chipukizi limekwisha inuka. Maagizo yamepita mbele kabla mwili haujaanguka. Viumbe vya dunia vimefanya hivyo kwa zaidi ya miaka bilioni tatu bila kukatika hata mara moja. Wewe ni ncha ya uzi huo, nao haujakatika bado.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Samaki hai na samaki mfu wako katika joto moja. Kwa nini mmoja haozi?
2. Mtu akikuambia uhai unavunja sheria ya pili, utamjibuje kwa mfano wa friji?
3. Lundo la kakao linapata wapi joto lake?
4. Noti ya 10,000 na sarafu 20 za 500 zinatufundisha nini juu ya jua?
5. Usiku huu mdogo wako akishikwa na homa, utafanya jambo gani la kwanza?

Ndugu yangu, umeweka mkono kifuani? Kuna joto. Hiyo ni stakabadhi yako ya leo, imelipiwa na jua, na mkulima, na mvuvi, na mama aliyekupikia. Usiichezee. Swali la tano uliamue leo, usingoje homa ibishe hodi.

Ukimaliza kusoma, mpe na mwenzako.